Miguu Bado Inajadiliwa

Usiku wa jana niliota ugomvi umeshafika katikati, na mimi nimeukuta bila kujua mwanzo wake, jambo ambalo halijawahi kunitokea nikiwa macho.

"Inuka, Shekue! Umemkalia bata wangu!"

"Nimekalia kigoda."

"Hicho kigoda ni bata!"

"Alipokuwa kwako alikuwa bata. Kwangu hakuna bata. Kitu ambacho hakipo kwangu kikiingia, lazima kiwe kimojawapo cha vilivyopo. Kilichokuwa karibu ni kigoda."

Anayepiga kelele ni Bi Saumu, jirani yangu wa chumba cha kushoto, mfuga bata. Anayejibu ni Mzee Shekue wa chumba cha kulia, mstaafu wa bandarini, mtu wa kikoi na kofia ya viua, ambaye hata nyumba ikishika moto atamalizia kwanza kahawa yake. Anajiinua kidogo ili kila mtu aone kwamba ni kigoda kweli, kisha anakaa tena.

Kigoda kinasema, "Kwak."

"Umesikia?" anauliza Bi Saumu.

"Vigoda vya siku hizi," anasema Mzee Shekue. "Mbao mbichi."

Mimi nimesimama koridoni na mwiko mkononi, nasikiliza kwa masikio yote mawili. Nyumba ni hii hii yetu ya Ngamiani, Tanga: vyumba vinatazamana, korido katikati, uani bomba moja la wote. Ila kila chumba kimekuwa dunia. Kwa Bi Saumu kuna bwawa na jua la asubuhi lisilosogea. Kwa Mzee Shekue kuna bandari nzima, na meli imeegeshwa chini ya kitanda. Kwangu ni kwangu tu, lakini pamepanuka kama uwanja wa mpira, na mkeka wa marehemu mama umetandikwa mpaka macho yanapoishia. Sikushangaa. Nikawaza tu nitaufagiaje.

Nadhani najua ndoto ilipita wapi kuniingia. Nyumba yetu haina dari, na maneno hupita juu ya kuta kama paka. Chumba cha mwisho amepanga binti anaitwa Tunu, kazi yake kompyuta. Nilivyomsikia akiwaeleza wenzake wa nchi za mbali, kuna dunia zilizojengwa mtandaoni, watu wanaingia humo, wanatembea, wanavaa, wanafanya na harusi. Lakini kila kampuni ina dunia yake, na ukitoka kwa huyu kwenda kwa yule unaacha kila kitu mlangoni, mpaka sura yako. Basi Tunu na wenzake wanatunga kanuni za wote, zisizo na mwenyewe, ili mtu avuke kutoka dunia hii hadi ile akiwa na nguo zake mwilini. Mimi nikasema hiyo kazi nzuri. Ila tangu ahamie hajakaa na sisi uani hata siku moja. Anaingia, anafunga. Na mtu akifunga mlango, sisi wa nje tunafungua midomo.

Sasa, hapo koridoni, kufuli la mlango wangu likakohoa.

"Bi Siwatu."

"Abee."

"Umepata taarifa?"

Nikasema taarifa hunipata mimi kabla ya kumpata mwenyewe, lakini hiyo haijafika.

"Dunia ambayo haijaingiwa na mgeni mzima mpaka wali wake unapoa, inafungwa," kufuli likasema. "Na ikifungwa haifunguliwi."

"Na vitu vyangu?"

"Vinafungiwa humo humo. Vyombo, kitanda, mkeka wa mama yako, na wewe mwenyewe."

"Na habari zangu?"

"Habari gani?"

"Za mtaa."

"Hizo zinafungiwa kwanza."

Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikatazama mkeka. Katikati yake kuna sinia la wali wa nazi, na bakuli la mchuzi wa samaki limekaa juu ya wali kama bibi harusi. Mvuke unapanda. Wali ukanitazama na punje zake zote.

"Nakwambia mapema," wali ukasema, "mimi si wa kusubiri."

"Mgeni mzima ni yupi hasa?" nikaliuliza kufuli.

"Kichwa juu, miguu chini, kimo chake alichotoka nacho, na awe yeye mwenyewe."

Nikacheka. Kwangu mimi? Mimi ambaye hata mkaguzi wa mita ya umeme hajawahi kuondoka kwangu bila kula? Nikaita, "Mzee Shekue! Bi Saumu! Acheni ugomvi, karibuni wali!"

Mzee Shekue ndiye wa kwanza. Anakuja kwa heshima zake, anapiga hodi, anavuka kizingiti, na palepale anapinduka. Anabaki ananing'inia hewani, kichwa chini, miguu kaielekeza kwenye paa, mikono miwili kakishika kikoi chake kwa nguvu zote.

"Salaam aleikum," akasema.

"Aleikum salaam. Mzee, mbona hivyo?"

"Kwangu mtu hupimwa kuanzia sakafuni kwenda juu. Kwako naona mnapima kuanzia paani." Akatafakari. "Pazuri. Ila uvunguni hujafagia."

Bi Saumu naye akaingia, na mimi sikumwona. Nilimsikia tu, sauti ile ile ya kuita bata wa mtaa wa pili. Nikatazama huku na huku. Nikainama. Yupo kwenye ukingo wa sinia, mdogo kama karafuu, kanga yake kama ganda la kitunguu, mkono kiunoni.

"Siwatu, umenifanya nini?"

"Sijakufanya kitu, shoga. Umekuja hivyo."

"Kwangu tunapima kwa shibiri!"

"Kwangu kwa upana wa ukucha," nikasema. Sijui nilijuaje. Katika ndoto mtu anajua vitu vya ajabu.

Bi Saumu akakumbatia punje moja ya wali kwa mikono miwili, akajaribu kuinyanyua, ikamshinda.

"Hapo hakuna mgeni mzima," kufuli likasema. "Mmoja kapinduka, mmoja kapungua."

"Nusu mbili si mzima mmoja?"

"Hatujumlishi wageni."

"Sasa hizo kanuni zinatungwa wapi?" nikauliza kwa ukali, maana mvuke ulikuwa umeanza kupanda kwa uvivu.

"Uani. Kwenye foleni ya maji."

Nikajitwika sinia kichwani. Bi Saumu nikamning'iniza kwenye hereni yangu ya kulia. Mzee Shekue nikamshika kidole gumba cha mguu, nikamvuta hewani kama tiara. Nikainua kifuniko cha sufuria ili nichukue mwiko wa pili, na ndani ya sufuria ndiko kulikuwa uani, kwa hiyo tukaingia.

Kwenye nyumba yetu, niwaeleze wasiojua, hakuna mtu anayesimama foleni ya maji mwenyewe. Unatuma ndoo yako. Ndoo inasimama badala yako, na atakayeisogeza akome. Kwa hiyo haikuwa ajabu kukuta dunia zote zimetuma ndoo zao. Zimejipanga kutoka kwenye bomba kavu mpaka ukutani, na ukutani zikapanda, na juu ya ukuta zikaendelea hadi nisikoona. Kuna dumu la njano lenye sauti ya shehe. Kuna karai lililotoboka. Na mbele kabisa kuna ndoo moja kubwa, mpya, inang'aa, imefunikwa kifuniko kwa kubana.

Na hewani, juu ya ndoo zote, yupo Tunu. Amevaa blauzi ya kazini, nywele kazichana vizuri, vipokea sauti masikioni. Anaishia kiunoni. Chini ya hapo hakuna kitu, unaona ukuta tu.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba. Tunu, mwanangu, miguu iko wapi?"

"Miguu bado inajadiliwa."

"Tangu lini?"

"Tangu kikao cha kwanza. Kiwiliwili kilipita bila kupingwa. Mikono ilipita kwa kura. Tulipofika miguuni ikawa wakati wa chai."

"Ndiyo maana hutoki chumbani?"

"Nitatoka na nini?" akauliza Tunu. Akashusha sauti. "Nasikia harufu ya wali wako kila Ijumaa, mama. Nasikia mnavyocheka. Nafika mpaka mlangoni kwangu, nakumbuka sina cha kutembelea, narudi."

Na anayecheka kupita wote ni nani? Mimi! Wali ukanipiga teke kichwani.

"Kikao kiendelee," likasema dumu la njano. "Ajenda ni ile ile. Juu ni wapi?"

"Juu ni kule maji yanakoingilia," ikasema ndoo moja.

"Kwangu mimi," likasema karai lililotoboka, "yanakoingilia na yanakotokea ni kumoja tu."

"Jamani," ikasema ile ndoo kubwa, kwa sauti tamu kama ya mwenye duka, "mnahangaika bure. Mimi nina kanuni kamili. Juu, chini, vimo, miguu, kila kitu kimo humu. Na kanuni yangu iko wazi kwa wote."

"Fungua basi tuione," likasema dumu.

"Iko wazi ndani."

Ndoo zote zikatazamana.

"Atakayetaka kuitumia," ndoo kubwa ikaendelea, "ajimwage humu kwanza, mimi nitampatia umbo langu. Hapo hakuna kugombana tena, maana tutakuwa ndoo moja."

"Na wewe ukiondoka?" akauliza Tunu.

"Niende wapi? Nyote mtakuwa ndani yangu."

"Huyu namjua," akasema Mzee Shekue kutoka huko alikoning'inia. "Si yeye hasa, lakini nawajua ndugu zake."

Basi ubishi ukaanza upya. Juu ni jua liliko. Hapana, kwa Bi Saumu jua halisogei na kwa Mzee Shekue halijachomoza. Juu ni kichwa kiliko. Hapana, mtazameni mzee. Mzee Shekue akapunga mkono mmoja, haraka akaurudisha kwenye kikoi. Mimi nahisi kichwani sinia linapoteza joto kama mtu anayeondoka bila kuaga.

Ghafla wali ukalipuka.

"Jamani! Wenzenu tunapoa! Nyinyi mmekaa hapa mnaulizana juu ni wapi, na mchuzi huu umepita milango, umeingia sufuriani, umetembea kichwani kwa mwanamke mwenye haraka, na haujadondosha hata tone. Muulizeni mchuzi!"

Ndoo zikageukia bakuli la mchuzi.

"Mimi," mchuzi ukasema kwa aibu, "sijui kanuni. Najua tu upande nisiomwagikia."

"Haijaandikwa vizuri," ikasema ndoo kubwa.

"Lakini inaeleweka," likasema dumu. "Juu ni upande ule ambao mchuzi ukitazama huko haumwagiki. Wanaokubali?"

Ndoo zikanyanyua mikono. Zile zilizokatika mikono zikahesabiwa kuwa zinasubiri fundi. Ikapita. Mzee Shekue akageuka hewani polepole, kama samaki kwenye mafuta, akatua kwa miguu yake. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuivaa kofia yake sawa. Cha pili, aliukagua mchuzi.

"Kimo changu?" akalia Bi Saumu kwenye hereni yangu. "Na mimi je? Nitabaki kipini mpaka lini?"

"Vimo," likasema dumu. "Nani ana kipimo ambacho kila dunia inacho?"

"Tonge," wali ukasema. "Na harakisheni."

"Tonge la nani? Mzee Shekue ana tonge kama ngumi ya bondia."

"La kila mtu na lake. Mtu awe mkubwa kiasi kwamba tonge lake linajaa kiganjani mwake na linapita kinywani mwake. Asiyeweza kumega, kimo chake kimekosewa, arudishiwe."

Mikono ikanyanyuka. Bi Saumu akarudishiwa kimo chake palepale, kabla sijamshusha. Hereni ikakatika, nusura sikio langu lifuatane nayo, na Bi Saumu mzima mzima akanikalia begani, miguu yake ikining'inia kifuani.

"Siwatu," akasema huko juu, "una mvi huku nyuma. Hukuniambia."

"Shuka, shoga."

"Nashuka, nashuka."

Nikashusha pumzi. Nikadhani yamekwisha. Lakini Tunu yupo pale pale hewani, anaishia kiunoni, na uso wake si wa mtu ambaye mambo yake yamekwisha.

"Limebaki moja," akasema. "Mgeni awe yeye mwenyewe. Hapa ndipo tulipokwama. Kila mlango wa kila dunia unakumbuka nani ameingia. Nimeipitia milango yote. Mtu akipiga hodi, mlango unauliza, nani? Naye anajibuje?"

"Mimi," tukajibu sote kwa pamoja, Mzee Shekue, Bi Saumu na mimi, maana mtu ajibu nini kingine?

"Ndiyo hivyo. Wote wamejibu hivyo. Katika dunia zote ameingia mtu mmoja tu, jina lake Mimi. Ana vichwa vya kutosha mtaa. Anavaa kofia ya viua na kanga. Anafuga bata na amestaafu bandarini. Akisahau mwavuli kwa jirani, unarudishwa kwa Mimi, Mimi yeyote aliye karibu." Akatazama pale anapoishia. "Siku niliyohamia nilienda kuomba kiberiti. Milango ya humu ndani ni myembamba, miguu nikaiacha nje. Niliporudi nikaambiwa, Mimi ameshaichukua."

Damu ikanichemka. Binti wa watu, mgeni wa nyumba, kuibiwa miguu siku ya kwanza!

"Mimi huyo hana haya!" nikapayuka. "Mwanamke gani anaweza kuiba miguu ya mwenzake akalala usingizi? Aletwe hapa! Mimi huyo mimi nitamshika, nitampeleka..."

Huku nasema, nikawashwa goti. Nikajikuna. Nikawashwa goti la pili, nikajikuna. Nikawashwa la tatu.

Ndoo zote zikanigeukia.

Nikapandisha dera kidogo kidogo. Chini kulikuwa na miguu minne. Miwili ni yangu, naijua, ina kovu la mkaa. Miwili ni myembamba, ya kisichana, imevaa ndala za bluu.

"Kwa kweli," nikasema, "siku hizi nilikuwa naona natembea vizuri sana. Nikasema ni ile tangawizi."

"Siwatu!" akasema Bi Saumu, kwa furaha ambayo ningependa asingeionyesha.

"Kwa mujibu wa kanuni iliyopo," ikasema ndoo kubwa, "miguu iliyoingia kwa Mimi ni ya Mimi."

"Kaa kimya, uliyefunikwa," likasema dumu.

Nikaivuta ile miguu. Haitoki. Nikaibembeleza, nikaiambia mwenyewe huyo hapo, nendeni mama zangu. Ikajificha nyuma ya miguu yangu kama watoto wanaoona mgeni.

"Iite wewe," nikamwambia Tunu.

"Njooni," akasema Tunu. "Ni mimi."

Miguu yote minne ikapiga hatua moja mbele, kisha ikasita. Hata ya Mzee Shekue ilisogea.

"Sasa huyo naye!" akafoka Bi Saumu. "Unaita miguu au unaita kuku? Jitambulishe, mtoto, kama watu waliokuja kuposa! Wewe nani, wa nani, umetoka wapi, unakaa wapi! Tangu uhamie hapa hakuna anayemjua baba yako. Miguu itakujuaje?"

Tunu akamtazama. Akavua vipokea sauti masikioni.

"Mimi Tunu," akasema, "binti Mhina, wa Soni kule milimani, mpangaji wa chumba cha mwisho."

Ile miguu ikachomoka chini ya dera langu mbio, ndala zikipiga pa pa pa kwenye sakafu, ikaruka juu ya dumu, ikajipachika mahali pake. Tunu akashuka hewani. Akakanyaga chini. Akapinda goti moja, halafu jingine. Akacheka peke yake.

"Nasi tufanye hivyo," likasema dumu. "Mlango ukiuliza nani, mtu ajibu jina, na wa nani, na anatoka wapi. Wanaokubali..."

Bomba likakoroma. Likatema upepo, likatema kutu, kisha likalia kwa sauti kubwa, "Maji!"

Sijawahi kuona kikao kikipitisha mambo kwa kasi ile. "Imepita! Imepita! Zote zimepita!" zikapiga kelele ndoo, huku zinakimbilia bomba, na kanuni za dunia zote zikawa tayari kabla dumu halijajaa. Ndoo kubwa ilifika ya kwanza. Maji yakaanguka juu ya kifuniko chake, yakatiririka pande zote, yakaingia kwenye karai lililotoboka.

Nikageuka kumwambia Tunu twende, wali unapoa, na hapohapo tupo koridoni kwetu.

Kwenye mlango wa Mzee Shekue, kigoda kinaota manyoya. Kinanyoosha shingo. Kinatembea, kinavuka kizingiti kutoka kwake hadi koridoni, kikiwa bata, na kinarudi ndani, na bado ni bata. Mzee Shekue anatazama kwa huzuni.

"Sasa nitakaa wapi?"

"Ulikuwa umekalia mgongo wa kiumbe!" anasema Bi Saumu. "Tazama, amekuwa bapa!"

"Alikuwa bapa tangu hapo. Ndiyo maana alifaa."

"Jamani, wali!" nikawaambia. Hawakunisikia. Walishaanza ule ugomvi kutoka mwanzo, na safari hii nilikuwepo, lakini sikuwa na nafasi ya kuufaidi. Nikaingia ndani peke yangu, nikashusha sinia mkekani. Umebaki uzi mmoja wa mvuke, mwembamba kama wa kushonea kofia.

"Hodi," ikasema sauti mlangoni.

"Nani?" likauliza kufuli.

"Tunu, binti Mhina, wa Soni, wa chumba cha mwisho."

Kufuli likamkagua. Kichwa juu. Miguu chini. Kimo chake. Yeye mwenyewe.

"Mgeni ni mzima," likasema. "Mwenye nyumba ajibu."

Nikafungua kinywa nimkaribishe. Likatoka neno, "Anajidai."

Nikaziba mdomo kwa kiganja. Nikajaribu tena. Likatoka, "Nasikia ana mchumba Ulaya ndiyo maana hataki watu."

"Nini hiki?" nikaliuliza kufuli kwa macho.

"Foleni," likasema kufuli. "Yaliyoingia kwanza yanatoka kwanza. Ulisema mengi juu yake kabla ya leo. Neno 'karibu' liko nyuma kabisa."

Wali ukapiga yowe. "Basi yatoe haraka!"

Nikayatoa. Nifanyeje? Nikasema harakaharaka, huku nautazama ule uzi wa mvuke, kwamba hali vyakula vyetu, kwamba anaongea peke yake, kwamba anaoga usiku ili asionane nasi, kwamba nguo zake anaanika ndani, lazima kuna jambo. Tunu amesimama mlangoni kwa miguu yake iliyorudi, anasikiliza moja moja.

"Hilo si kweli," anasema. "Hilo kweli. Hilo Bi Saumu ndiye alianzisha. Endelea, mama."

Mvuke unafifia. Kufuli limeanza kujizungusha, krii. Mkeka unajikunja kutoka mbali, unakuja. Nasikia mbele ya ulimi yamebaki mawili, halafu moja, halafu naliona lenyewe, lile neno, limesimama mwisho wa foleni na kindoo chake, linasogea, linafika mlangoni mwa meno yangu, nafungua kinywa...

Nikaamka kinywa kikiwa wazi.

Jua limeingia dirishani. Chumba kimerudi udogo wake, kitanda hapa, kabati pale. Kufuli linaning'inia mlangoni kimya kama halijawahi kusema neno. Uani nasikia Bi Saumu anawatawanyia bata pumba. Nikajinyoosha, nikashusha miguu kutafuta ndala zangu. Mguu wa kulia ukapata moja. Wa kushoto ukapata moja. Wa kulia ukagusa nyingine tena.

Nikainama. Chini ya kitanda kulikuwa na ndala nne. Mbili nyekundu, zangu. Mbili za bluu, za kisichana, zimekaa katikati ya zangu, na zina tope bichi la pale bombani.

Nilikuwa bado nazitazama mlango ulipogongwa.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

Nikaihesabu miguu yangu kwanza: miwili. Nikasikia huko nje mtu anasitasita, kama aliyekumbuka kitu.

"Mimi Tunu," sauti ikasema, "binti Mhina, wa Soni. Wa chumba cha mwisho. Shikamoo, mama. Samahani, natafuta ndala zangu."

Tangu ahamie sijawahi kumsikia binti huyu akimtaja baba yake, wala kwao. Na kama angalimtajia mtu yeyote mtaa huu, mimi ndiye ningalijua wa kwanza.

Kwenye kona, jikoni mwangu, kulikuwa na sufuria ya wali wa jana niliyoiacha juu ya majivu. Kifuniko kimekaa upande kidogo. Pale penye mwanya, uzi mmoja wa mvuke ulikuwa unapanda.

Nikaenda mlangoni pekupeku, nikafungua, na safari hii mdomoni hapakuwa na foleni yoyote.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Karibu ndani ukae, ndala tutazitafuta tukishakula."